Tulipotoka Eda Tukaanza Kukimbia

Mume wetu alifia Nzega, alikokwenda kununua mchele. Alilala nyumba ya wageni akiwa mzima, na asubuhi mhudumu akagonga mlango asiitikiwe. Nasema mume wetu kwa sababu tulikuwa wawili: mimi, Bi Mkubwa, niliyeolewa naye kabla hajawa na duka, na mwenzangu, Bi Mdogo, aliyemwoa huko Goweko miaka mingi baadaye, wakati wanangu wameshakuwa watu wazima wenye maisha yao Mwanza na Dar es Salaam. Tulikaa nyumba moja hapa Tabora mjini, mimi vyumba vya mbele, yeye vya uani, na jiko katikati. Hatukuwa tukigombana. Tulikuwa tukipishana tu.

Maiti ilipoletwa, Bi Mdogo alilia mpaka wanawake wakamshika mikono na miguu asijiumize. Mimi nilikaa mkekani nikaitikia pole za watu, nikauliza kama maji ya kumwoshea marehemu yamepata moto, nikaonyesha sufuria kubwa ziko wapi. Waliosema nina subira walinisifu, na waliosema mengine nao nawaelewa. Mwenyewe nilikuwa nangoja. Nilijua kilio kiko njiani, kama mtu aliyeliona wingu akaanua nguo mapema. Hakikuja siku ya maziko, hakikuja kwenye arobaini, na eda yote ikapita hakijaja.

Katika eda nilishona kofia. Ndiyo kazi yangu tangu usichana, kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo ambazo wanaume huvaa Ijumaa. Mara nyingine sindano ilinichoma kidoleni, nami nikagundua baada ya kuliona doa jekundu kwenye kitambaa cheupe. Nilikuwa nakitazama kidole changu kama cha mtu mwingine.

Tulipotoka eda, gari la matangazo lilikuwa likizunguka mitaani na kipaza sauti, likitangaza mbio za barabarani, kilometa arobaini na mbili, kuanzia uwanja wa mpira, kwenda Kipalapala na kurudi, kisha Kwihara na kurudi. Bi Mdogo alitoka uani na mwiko mkononi akasimama mlangoni kusikiliza mpaka gari likapotea. Shuleni alikuwa mkimbiaji. Hilo sikuwa nalijua, ingawa tulikuwa tumeshakaa pamoja miaka.

Jioni ile alikuja shemeji, mdogo wake marehemu, ambaye tangu msiba ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Alikuwa mtu mwema, mwenye woga wa maneno ya watu. Bi Mdogo alimwekea chai, akasimama palepale na sinia lake.

"Shemeji, nataka kukimbia."

"Kukimbia wapi?"

"Barabarani. Mbio zile zinazotangazwa."

"Wewe si umetoka eda juzi tu?"

"Ndiyo maana nimengoja nitoke kwanza."

Shemeji aliiweka chini chai. "Mwanamke peke yake, alfajiri, barabara ya Kipalapala? Hapana. Labda Bi Mkubwa aende naye." Akanitazama akacheka kidogo. Alikuwa amenitumia mimi kufunga mlango, bila kumkatalia mtu usoni.

Nikasema, "Nitakwenda."

Wote wawili waligeuka. Watu wengi wamenisifu tangu siku hiyo, kwamba nilimwonea huruma mwenzangu. Si kweli. Ningeambiwa nikae ningekaa, ningeambiwa nikasage mahindi ningekwenda kusaga. Kwenda na kutokwenda vilikuwa na uzito mmoja kwangu, na kusema ndiyo kulikuwa na maneno machache zaidi.

Tulianza baada ya swala ya alfajiri. Nilivaa dera, suruali ya kitambaa ndani yake, mtandio nimeufunga nyuma ya shingo, na raba za mitumba zilizokuwa za mwanamume, ndefu mbele, nikajaza kitambaa. Nilikuwa nimepita hamsini. Bi Mdogo alinifundisha kama anavyofundishwa mtoto: tembea mpaka nguzo ile ya umeme, kimbia mpaka ile nyingine, tembea tena. Majirani waliokuwa wakifagia walisimamisha fagio. Mmoja aliniuliza kama tunakimbizwa. Nikamwambia hapana, tunakimbia wenyewe, naye akasema haya, kama anayesalimiana na mgonjwa.

"Unakwenda kasi mno," Bi Mdogo aliniambia siku za mwanzo. "Kimbia mwendo ambao unaweza kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza, punguza."

"Nizungumze nini?"

Alifikiri. Hatukuwa na mazungumzo sisi, zaidi ya chumvi imekwisha na maji yanatoka au hayatoki. "Basi soma sura," akasema.

Nikawa nasoma sura fupi fupi kwa sauti huku nakimbia. Yeye alikuwa amesilimu kwa ndoa, na sura alizozijua zilikuwa chache, alizojifunza kwa haraka. Baada ya wiki kadhaa nikamsikia anafuatisha, akikosea hapa na pale, nami namsahihisha kwa pumzi iliyobaki. Hivyo ndivyo tulivyofika Kipalapala mara ya kwanza bila kutembea, mimi nasoma, yeye anaitikia, na wanaume wenye baiskeli za mkaa wakitupisha na kutuamkia, "Mwangaluka!" Yeye aliwajibu Kinyamwezi kirefu, wakacheka pamoja. Mimi nilijibu neno lilelile moja.

Njia ya Kwihara ilikuwa na vumbi laini, linaloingia mpaka kwenye meno. Siku moja tukiwa huko alisema, "Babu zangu walitembea njia hii mpaka pwani, pembe za ndovu begani."

"Wangu walitoka huko pwani nao," nikasema.

"Wamebeba nini?"

"Hawakubeba. Waliwabebesha wa kwako."

Alicheka mpaka akasimama. Nilijua ni jambo la kuchekesha, nikamngoja amalize.

Mwili wangu ulibadilika, na nilikuwa naona hivyo kwenye nguo kuliko kwenye nafsi. Madera yalipwaya. Ukucha wa dole gumba la mguu ukawa mweusi, kisha asubuhi moja nilipovua soksi ukabaki ndani ya soksi. Bi Mdogo alipiga ukelele. Aliniuliza kama naumwa. Niliubonyeza mwisho wa dole, pale penye nyama laini, nikamwambia sina hakika. Alileta maji ya chumvi akaniosha mguu, amechuchumaa chini, naye alikuwa hajawahi kunigusa isipokuwa kunipa mkono siku za Idi.

Mvua ilitukuta mara moja njiani tukitoka Kipalapala, mvua nzito ya kupofusha macho. Tulijibanza kwenye kibanda cha wauza mkaa ambacho siku hiyo hakikuwa na mtu. Maji yalimwagika kutoka paa la nyasi mbele yetu kama pazia. Bi Mdogo alikuwa akikamua mtandio wake aliponiuliza, bila kunitazama:

"Bi Mkubwa, mbona hukulia?"

"Sijui."

"Ulikuwa humpendi?"

"Nilimzoea. Nilidhani nilimpenda pia." Nikafikiri kama kuna lingine la kuongeza. "Wewe ulilia kwa ajili yetu sote."

Alitikisa kichwa. "Mimi nililia kwa woga."

"Woga wa nini?"

"Nilitoka shamba. Sikuzaa naye. Amekwenda Nzega mzima, amerudi maiti, na chakula cha mwisho hapa nyumbani nilipika mimi. Nisingelia wangesema nini? Wewe hata ungecheka wangesema umechanganyikiwa kwa uchungu, maskini. Mimi wangesema nimemloga." Aliukunja mtandio, akaukunjua. "Kwa hiyo nililia. Nililia mpaka koo likatoa damu. Huzuni yenyewe imekuja baadaye, polepole, nikiwa nakimbia. Ndiyo maana nataka kukimbia."

Nilimtazama. Nilitambua kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa na kwamba aliyeambiwa anapaswa kumshika mwenzake bega. Nilinyoosha mkono nikamshika bega. Lilikuwa na baridi na limelowa. Mvua ilipopungua tukatoka, tukakimbia kwenye matope hadi nyumbani, na raba zikawa nzito kama matofali.

Mbio zilipokaribia alisema tunahitaji siku moja ya masafa marefu kabisa, na akapendekeza tukafanyie kwao Goweko, maana alikuwa hajaenda kuwaona wazazi tangu msiba. Tulikwenda kwa treni. Kesho yake tulikimbia asubuhi yote kati ya mashamba ya tumbaku na mabani, yale mabanda ya kuikaushia, moshi wake unaingia puani, watoto wakitufuata kidogo kisha wakichoka. Mimi nilitembea sehemu ya mwisho. Yeye alikwenda akarudi kunichukua, akaenda tena akarudi.

Mchana mama yake alitupakulia ugali, mlenda na maziwa ya mgando. Tulipomaliza kula alivuta kigoda akakaa karibu yangu, si karibu ya mwanawe.

"Bi Mkubwa," alisema, "wewe ndiye mkubwa wake huko. Kuna mtu hapa jirani, alifiwa na mkewe, ana mizinga yake ya nyuki na shamba. Ametuma watu. Nasi hatuwezi kujibu kabla ya kukusikia wewe."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mimi, mke mwenza, ndiye ninayeombwa idhini ya posa hiyo. Bi Mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono ina maji.

"Mwulizeni mwenyewe," nikasema. "Mimi sina kizuizi."

Mama akamgeukia. Bi Mdogo akasema, "Nimemwona huyo mtu. Si mbaya. Nitajibu baada ya mbio."

Kwenye treni ya kurudi aliniuliza, "Utasikitika nikiondoka?"

Nilijitahidi. Wallahi nilijitahidi. Niliingia ndani yangu kutafuta, kama mtu anayepapasa rafu gizani, na sikugusa kitu. "Sijui," nikasema.

"Kila kitu kwako ni sijui."

"Ndivyo kilivyo."

Aligeukia dirishani, akakaa hivyo mpaka Tabora. Kwa siku kadhaa baada ya hapo tulikimbia bila sura. Alikuwa mbele hatua chache, nami namfuata, natazama visigino vyake vikipanda na kushuka. Kisha asubuhi moja alianza kusoma mwenyewe, na palipo na kosa nikalisahihisha, mambo yakarudi.

Siku ya mbio watu walikuwa wengi uwanjani, vijana wa majeshi wenye miguu mikavu, wanafunzi, wazungu wawili watatu, na wanawake wachache. Walitubandika namba kifuani kwa pini. Shemeji alikuja na pikipiki yake, amevaa kanzu kana kwamba ni harusi, akasimama mbali kidogo na sisi ili asiulizwe.

Tulitoka pamoja. Mpaka Kipalapala nilikuwa sawa, na kurudi pia, ingawa jua lilikuwa limeshapanda na lami ilikuwa inawaka. Tulipokata kuingia njia ya Kwihara niliona kwamba Bi Mdogo anajizuia. Miguu yake ilikuwa inataka kwenda, naye anaivuta nyuma kama ng'ombe wa jembe.

"Nenda," nikamwambia.

"Shemeji alisema tuwe pamoja."

"Shemeji yuko kivulini. Nenda."

"Utafika?"

"Nitafika au sitafika. Nenda wewe."

Akaniangalia mara moja, akaenda. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia kweli. Miezi yote ile alikuwa amekimbia mwendo wangu. Alimpita mwanamke wa kwanza, akampita wa pili, dera lake limevimba kwa upepo, halafu vumbi likamfunika.

Nikabaki peke yangu. Sina mengi ya kusema juu ya masafa hayo. Nilikimbia, nilitembea, nilikimbia. Kwihara wanawake walinipa maji kwenye kata, wakanimwagia mengine kichwani, wakaniita mama, mama, kwa sauti ya kubembeleza. Gari la waandaaji lilikuja taratibu nyuma yangu.

"Mama, panda gari. Tunafungua barabara."

"Bado."

"Umebaki wewe tu, mama."

"Fungueni tu. Nitapita pembeni."

Wakafungua. Bodaboda zikaanza kunipita, na basi dogo, na mkokoteni wa ng'ombe wenye kuni. Nilikuwa nimefika karibu na mjini, natembea tu sasa, niliposikia pikipiki ikipunguza mwendo kando yangu. Alikuwa shemeji, kanzu ameipandisha magotini.

"Panda, shemeji. Watu wameshaondoka uwanjani."

"Bado."

Nilitegemea abishane, au aone aibu, maana watu walikuwa wakitazama kutoka barazani. Alizima injini. Alishuka, akashika usukani wa ile pikipiki, akaanza kuisukuma kando yangu kwa miguu. Nilipojaribu kukimbia, naye alijaribu kukimbia na pikipiki yake. Tuliingia uwanjani hivyo, jasho limelowesha kanzu mgongoni, na pale alisema tu, "Pole, shemeji."

Walikuwa wanashusha maturubai na kupanga viti kwenye lori. Bi Mdogo alikuwa ameketi chini, raba amevua, anatafuna muwa. Alikuwa wa nne kwa wanawake, na zawadi zilikuwa za watatu. Aliinuka akanikumbatia kwa nguvu, ananuka chumvi na vumbi, na mimi nilijua nakumbatiwa jinsi mtu anavyojua kuna mtu upande wa pili wa ukuta.

"Unajisikiaje?" aliniuliza, na macho yake yalikuwa yananitafuta.

Nilijua anachotaka, nami nilikitaka pia.

"Njaa," nikasema.

Alicheka, akanivunjia kipande cha muwa wake, tukakaa chini tukatafuna wote watatu, shemeji naye, mpaka lori la viti lilipoondoka.

Aliolewa kiangazi kilichofuata. Nilimsindikiza stesheni na godoro lake, sufuria zake na zile raba amezifunga kamba shingoni. Alilia dirishani. "Leo silii kwa woga," akaniambia, nikamwambia najua. Treni ikaondoka. Nilirudi nyumbani, nikafagia vyumba vya uani, nikafungua madirisha hewa iingie, nikakaa barazani na kofia yangu.

Niliendelea kutoka alfajiri, peke yangu. Shemeji hakunizuia. Sura nilisoma moyoni. Miezi ilipita hivyo, na sikuwa na hamu ya kufika mahali popote. Miguu ilikuwa imezoea tu.

Kisha asubuhi moja, barabara ya Kipalapala, mbwa alitoka kwenye ua usio na lango, mbwa wa kawaida wa rangi ya udongo, akanijia bila kubweka akanidaka paja. Nikamtukana. Nilimtukana mbwa yule na mama yake na mwenye mbwa na ukoo wa mwenye mbwa, maneno ambayo sikujua kwamba ninayo, mpaka watu wakatoka majumbani na wengine wakawaziba watoto masikio. Niliokota jiwe nikamtupia nikamkosa. Nilikuwa nimekasirika kweli. Lile paja lilikuwa linauma. Liliuma kabisa, pale pale, wala sikuhitaji kuliuliza.

Bodaboda ilinipeleka hospitali. Muuguzi, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanangu, alisafisha jeraha akaenda kuandaa sindano, na aliporudi akanikuta nalia. Nilikuwa nalia kwa sauti, mtandio mdomoni, mabega yanaruka.

"Mama," alisema, "mbona sindano bado hata haijaingia?"

"Nimeumwa na mbwa," nikamwambia.

"Ndiyo, mama. Pole."

"Nimeumwa na mbwa," nikarudia, na sikuweza kusema jingine. Aliiweka sindano kwenye sinia, akasimama, amenishika mkono, mpaka nikatulia kiasi cha kuchomwa. Sijui nililia kwa muda gani. Mbwa yule hakustahili machozi yote hayo.

Mchana nilimpigia simu Bi Mdogo, Goweko. Nyuma yake nilisikia mtu anapasua kuni na kuku wanalia.

"Nimeumwa na mbwa," nikamwambia.

"Yarabi! Wapi?"

"Pajani. Barabara ya Kipalapala."

"Bi Mkubwa, sauti yako ina nini? Umelia?"

"Nimelia."

"Kwa sababu ya mbwa?"

"Sijui," nikasema, kisha nikafikiri tena. "Ndiyo. Kwanza mbwa."

Nilimsikia akimwambia yule wa kuni aache kidogo. Kisha akauliza, "Ulikuwa unakimbia au unatembea?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Kidonda kikipona," akasema, "panda treni uje huku. Njia za huku mbwa wake nawafahamu."